Alien: Romulus na taabu ya zimwi linalojulikana

Fede Álvarez, aliyeongoza Alien: Romulus, filamu ya kutisha ya anga za juu ya mwaka 2024, alisema mwaka 2025 kwamba hataongoza itakayoifuata. Atabaki upande wa utayarishaji, na kiti cha mwongozaji atakikalia mtu mwingine. Mashabiki wengi wa mfululizo huu wanaliona jambo hilo kuwa dogo, na sababu yao inaeleweka: kama Romulus ilifanikiwa kwa kurudi nyumbani, kwenye korido zenye giza, skrini za maandishi ya kijani, zimwi lenye kichwa kirefu na sura ya mwigizaji wa zamani, basi ramani iko mezani na fundi yeyote mzuri anaweza kuifuata. Mimi naona kinyume. Romulus ni filamu nzuri kwa takriban theluthi mbili za dakika zake 119, na uzuri huo unatokana na mambo ambayo Álvarez na mwandishi mwenzake, Rodo Sayagues, waliyatunga wenyewe. Karibu kila inapokopa, inayumba. Atakayeichukua kazi hii akidhani siri ilikuwa kukopa atakuwa amerithi deni.

Mwendelezo unaokuja miaka 45 baada ya filamu ya kwanza, Alien ya 1979, una shida moja inayozidi nyingine zote: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtazamaji wa mwaka 1979 hakujua lolote. Yai lilipofunguka hakujua kitatoka nini. Kile kidudu chenye miguu kama ya buibui kilipomng'ang'ania mtu usoni, hakujua kinamfanyia nini, na mtu yule alipoamka, akaketi mezani, akala na kucheka na wenzake, hakuna aliyetegemea kwamba kifua chake kingepasuka. Kila hatua ya maisha ya kiumbe yule ilikuwa habari mpya. Leo hata mtu asiyewahi kuitazama filamu hata moja ya mfululizo huu anajua mzunguko mzima, kwa sababu umechorwa kwenye fulana, michezo ya kompyuta na vichekesho. Kila mwongozaji aliyefuata alitafuta dawa yake. James Cameron, mwaka 1986, aliwaongeza idadi na kuwapa malkia anayetaga. David Fincher, 1992, aliwapeleka watu gerezani na kuwanyima silaha. Jean-Pierre Jeunet, 1997, alimrudisha Ripley, shujaa wa filamu tatu za kwanza, akiwa nakala yenye damu ya zimwi. Ridley Scott mwenyewe, aliyeongoza ile ya kwanza, aliporudi na Prometheus (2012) na Alien: Covenant (2017) aliacha kuuliza zimwi litafanya nini, akauliza limetoka wapi. Zile mbili za kupambana na Predator, zimwi la mfululizo mwingine, tuziache zilipo.

Nianze na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ile ya fedha, maana ndiyo inayotajwa kwanza. Romulus iligharimu takriban dola milioni 80 na kukusanya takriban milioni 350 duniani kote. Covenant iligharimu kama milioni 97 na kuishia kwenye milioni 240. Wauzaji wa filamu hukadiria kwamba picha inahitaji mara mbili hadi mbili na nusu ya gharama yake ili ijirudishie fedha, kwa kuwa majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya kila tiketi na matangazo yana bajeti yake ya pembeni. Kwa kipimo hicho Romulus ilivuka kirahisi, na ikumbukwe kwamba mwanzoni ilipangwa iende moja kwa moja kwenye Hulu, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, bila kupita sinema. Lakini hesabu hizi zinaonyesha kwamba tiketi ziliuzwa, hazionyeshi ni kitu gani kilichoziuza. Kama kumbukumbu za zamani peke yake zingetosha, Terminator: Dark Fate ya 2019 ingekuwa tajiri: ilimrudisha Linda Hamilton, ilikuwa na Arnold Schwarzenegger, na Cameron alikuwa miongoni mwa watayarishaji. Iligharimu zaidi ya milioni 180, ikakusanya kama 260, na mpango wa kuiendeleza ukafa hapo hapo. Tena, zaidi ya dola milioni 100 za Romulus zilitoka China, kiasi kinachokaribiana na cha Marekani na Kanada kwa pamoja, na kwa watazamaji wengi wa kule filamu ya 1979 si kumbukumbu ya utotoni. Watu hao hawakulipia sura ya Ian Holm, aliyeigiza roboti Ash katika filamu ya kwanza.

Sasa tuingie ndani ya filamu yenyewe. Tukio la kutisha kuliko yote katika nusu saa ya kwanza halina zimwi. Rain, kijana anayefanya kazi ya kilimo kwenye koloni la uchimbaji liitwalo Jackson's Star, mahali ambapo jua halionekani, anakwenda ofisini kudai kibali cha kuondoka kwa sababu saa za mkataba wake zimetimia. Karani anaangalia skrini, anamjulisha kwamba kiwango kimepandishwa hadi saa 24,000, na kwa kuwa wafanyakazi wamepungua anahamishiwa mgodini, ambako atakuwa huru baada ya miaka mitano au sita mingine. Wazazi wake wote wawili waliuawa na migodi hiyo hiyo. Hakuna anayefokewa, hakuna anayepigwa. Karani anafuata utaratibu. Msomaji ambaye ana ndugu aliyefika Ghuba na kukuta mkataba mezani si ule aliotia sahihi kabla ya kusafiri hahitaji kuelezwa tukio hili lina uzito gani.

Huku ndiko kurudi kwenye asili kunakofaa kuzungumziwa, na ajabu ni kwamba wanaoisifu filamu kwa kurudi kwenye asili hawakutaji. Filamu ya 1979 ilikuwa juu ya mabaharia saba wa meli ya mizigo waliokuwa wakivuta kiwanda cha kusafishia madini. Mazungumzo yao ya mwanzo ni malalamiko ya mafundi wawili, Parker na Brett, kwamba mgawo wao ni mdogo kuliko wa wengine. Wanashuka kwenye sayari ile kwa sababu mkataba unasema atakayekataa kuchunguza ishara anapoteza malipo yote, udadisi haumo. Baadaye inajulikana kwamba kampuni ilikwisha amua wao si kitu kama kiumbe kitafika salama. Kiumbe kilitisha kwa sababu mlango wa kukikimbia ulikuwa umefungwa na mwajiri muda mrefu kabla ya yai kufunguka. Prometheus na Covenant zilijaza meli wanasayansi na walowezi waliokwenda kwa hiari kutafuta muumba au ardhi mpya, na watu wa namna hiyo wakifanya upumbavu mtazamaji huwacheka. Rain na wenzake wanapopanda kwenda kuiba majokofu ya usingizi kwenye kituo kilichotelekezwa, ili waweze kusafiri miaka mingi hadi sayari ya Yvaga, hatuwacheki. Hesabu yao ni sahihi. Kubaki ni kufa polepole.

Jambo la pili ambalo filamu inalitunga yenyewe ni kanuni, na hapa ufundi wa Álvarez unaonekana waziwazi. Kabla ya hapa alishafanya Don't Breathe (2016), habari ya vijana wezi wanaonaswa ndani ya nyumba ya kipofu anayesikia kila kitu. Filamu ile ilimfunza kwamba hofu hujengwa kwa kumpa mtazamaji kanuni moja iliyo wazi, kisha kumwacha aone mapema jinsi itakavyovunjika. Katika Romulus vile vidudu vya usoni vinatafuta joto. Dawa yake ni kupandisha joto la chumba hadi lilingane na la mwili wa binadamu. Ukifanya hivyo havikuoni, lakini ukikimbia, ukihema kwa nguvu au ukiogopa mno, joto lako linapanda na unaonekana. Kwa sentensi mbili tu kitu kilichochoka kwa umaarufu kimepata meno mapya, kwa sababu sasa woga wenyewe ni kosa. Tunawatazama wakipita ukumbini hatua kwa hatua, vidudu vikiwa sakafuni na kutani pande zote, na tunachotazama zaidi ni jasho kwenye paji la uso.

Kanuni ya asidi ni bora zaidi. Tangu 1979 tunajua kwamba zimwi hili halipigwi risasi ndani ya chombo cha anga, maana damu yake hutoboa sakafu hadi nje. Filamu nyingi zilichukulia jambo hilo kama kizuizi. Romulus inalichukulia kama fumbo na kulitatua: mashine ya kutengeneza mvutano katika kituo ina kasoro, inajizima na kujiwasha, na Rain anafahamu kwamba mvutano ukizimwa damu haitaanguka. Anauzima, anafyatua, mazimwi yanakufa, na korido inajaa mikanda ya asidi inayozunguka hewani taratibu. Yeye na Andy wanapaswa kupenya katikati yake wakielea, bila kitu cha kujishikilia, huku wakijua mvutano utarudi. Hata swali la msichana wa shamba kujua kulenga limejibiwa mapema: bunduki ile ina kifaa kinachosaidia kulenga, na tumeonyeshwa akifundishwa kuitumia. Hakuna picha ya namna hiyo katika filamu yoyote iliyotangulia. Ukimwondoa zimwi na kuweka mnyama mwingine mwenye damu ya asidi, tukio bado linasimama, na hicho ndicho kipimo changu cha kujua kama filamu inajitegemea.

Halafu yupo Andy. David Jonsson anaigiza roboti mkongwe, aliyeokotwa kwenye takataka na baba yake Rain na kupewa amri moja: fanya lililo bora kwa Rain. Anasema kwa kigugumizi, anatoa vichekesho vibovu, watoto wa mtaani wanampiga. Kituoni wanachomoa kipande cha kumbukumbu kutoka kwa roboti wa kampuni na kumwekea yeye ili aweze kufungua milango. Mgongo unanyooka, kigugumizi kinakwisha, na amri inabadilika: fanya lililo bora kwa kampuni. Muda mfupi baadaye Kay, mwenzao aliye mjamzito, yuko upande wa pili wa mlango akilia afunguliwe, na Andy hafungui. Mwaka 1979 Ripley ndiye aliyekataa kufungua mlango kwa kufuata sheria ya karantini, na roboti ndiye aliyefungua kwa faida ya kampuni. Hapa sura imegeuzwa, na kinachouma ni kwamba Andy anaweza kuwa sahihi kihesabu. Huu ni mwangwi wa filamu ya kwanza ambao asiyeijua haimpunguzii kitu na anayeijua unamsumbua.

Linganisha na mwangwi wa aina nyingine. Rook, roboti nusu mwili anayekutwa kituoni, amepewa uso wa Ian Holm, aliyefariki mwaka 2020. Familia yake ilikubali, kwa hiyo wanaosema ni wizi wa maiti wanazidisha, ingawa wana haki ya kuona haya. Kasoro yangu ni ya kazi. Lilitengenezwa sanamu la kiwiliwili linaloendeshwa kwa mitambo, mwigizaji Daniel Betts akatoa sauti na mienendo ya uso, kisha kompyuta ikapaka mdomo na macho juu yake. Tatizo hutokea pale tabaka hizo zinapokutana. Ngozi ya mpira hupokea mwanga halisi wa chumba, mdomo uliopakwa hupokea mwanga uliokadiriwa, na jicho la binadamu, ambalo tangu uchanga limezoea kusoma midomo, linaona mpaka kati ya viwili hivyo hata kama mwenye jicho hawezi kueleza. Rook anapoonekana kwenye skrini ndogo chakavu anakubalika. Anapowekwa karibu, katika mwanga wa kutosha, akihutubia, filamu inasimama. Álvarez mwenyewe alikiri kwamba muda wa kumalizia uliwabana, na kazi hiyo ikarekebishwa kwa ajili ya toleo la nyumbani, sanamu likiachwa lionekane zaidi na kompyuta ikipungua. Ni bora kuliko ilivyokuwa sinema, lakini swali linabaki: kwa nini awe uso huo? Rook si Ash wa 1979. Ni roboti mwingine wa muundo ule ule. Mwigizaji yeyote hai mwenye sauti baridi angeifanya kazi hiyo, na tungemsikiliza anachosema badala ya kumkagua taya.

Mstari maarufu wa Ripley kwa malkia katika filamu ya 1986, ambao Andy anaurudia akimtetea Rain, sina haja ya kuukalia. Ukumbi hucheka, na kicheko hicho kinavunja hofu iliyojengwa kwa dakika nyingi.

Theluthi ya mwisho ndiyo yenye ubishi wa kweli, na hapa watetezi wa filamu wana hoja ambayo haipaswi kupuuzwa. Rook anaeleza kwamba wanasayansi wa kampuni walitoa kutoka kwa vidudu vya usoni kimiminika kile cheusi tulichokijua tangu Prometheus, kwa lengo la kumfanya binadamu asiyevunjika, mfanyakazi anayeweza kustahimili anga. Watetezi wanasema hili linaunganisha nusu mbili za mfululizo zilizokuwa hazisemezani, na wako sahihi zaidi ya wanavyodhani, kwa sababu linaunganisha pia na yule karani wa mwanzo: kampuni iliyoishiwa watu sasa inataka watu wa aina nyingine. Ni wazo zito kuliko yote katika filamu. Tatizo ni namna linavyotolewa. Linasemwa kwa hotuba, na Rook ndiye anayelisema, kisha linaachwa. Kay anajidunga dawa hiyo, anazaa kiumbe kirefu chenye sura ya mtu, na kilichobaki ni kukimbizana. Anayekumbuka kiumbe cha mwisho cha Alien Resurrection anajua tumeshapita njia hii, pamoja na namna ya kukitupa nje ya chombo. Mzunguko wa maisha nao umeharakishwa mno: mambo yaliyochukua saa nyingi mwaka 1979, yakitupa nafasi ya kula chakula na kusahau, hapa yanachukua dakika. Bila muda wa kusahau hakuna kushtuka.

Jambo moja tu katika sehemu hiyo linanivuta, nalo ni mwili wenyewe. Kiumbe kile kinaigizwa na Robert Bobroczkyi, Mromania aliyecheza mpira wa kikapu, mwenye urefu wa takriban mita 2.3, na sehemu kubwa ya kinachotisha ni viungo vyake halisi. Ni njia ile ile iliyotumika mwanzo. Ndani ya vazi la 1979 alikuwamo Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akisomea sanaa London, mwenye urefu unaozidi mita mbili, aliyeonwa kwenye baa na kupelekwa kwa Scott. Alifundishwa mwendo wa taratibu usiofanana na wa mtu aliyevaa vazi. Hiyo ndiyo filamu yake pekee. Alirudi Nigeria na kufariki mwaka 1992. Heshima kwa filamu ya kwanza ingepatikana kwa kutumia mbinu kama hizi, na kwa kweli Álvarez alizitumia kwa wingi: seti zilizojengwa Budapest, mavazi ya mpira, vidudu vya kuendeshwa kwa mkono na rimoti.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote kwa Romulus ni la wale wanaosema Scott alithubutu na Álvarez hakuthubutu. Prometheus inaweza kuwa na watu wajinga, lakini iliuliza kwa nini muumba amchukie alichokiumba. Romulus inauliza nani atafika mlangoni kwanza. Nakubali nusu. Swali la Scott ni kubwa, ila kila jibu lilipunguza zimwi. Ukishajua kwamba limetengenezwa maabara na roboti mwenye kinyongo, kama Covenant inavyodai, linakuwa silaha ya mtu fulani, na silaha hutisha kwa kadiri ya anayeishika. Romulus ilichagua swali dogo, na kwenye kazi ya kutisha watu mara nyingi swali dogo ndilo linalobana.

Ushahidi wa nje unaelekea upande huo huo. Studio hiyo hiyo ya Romulus ilikuwa na maradhi kama haya kwenye Predator, na aliyeyatibu ni Dan Trachtenberg, aliyempeleka zimwi lile mwaka 1719 kukutana na msichana wa Kikomanche, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, katika Prey (2022), silaha za watu zikiwa mishale, shoka na kamba. Na mwaka 2025 Noah Hawley, katika tamthilia ya Alien: Earth, aliweka viumbe vipya kando ya zimwi la zamani. Kilichozungumzwa zaidi ni jicho lenye mikono kama ya pweza, linaloingia kwenye tundu la jicho la mnyama na kumwendesha. Tulipomwona kondoo amesimama akitutazama kwa akili isiyo yake, zimwi lenye kichwa kirefu lilionekana kama mzee wa familia aliyealikwa harusini.

Kwa hiyo atakayekalia kiti cha Álvarez anapaswa kuulizwa kanuni zake mpya ni zipi, kabla ya kuulizwa atamrudisha nani. Bajeti ibaki karibu na ile ya milioni 80, kwa kuwa ikipanda hadi 150 studio itadai nyuso na mistari inayojulikana ili kujilinda, na mtindo wa Rook utarudi. Hadithi yenyewe tayari imo ndani ya Romulus, haijatumika. Safari ya kwenda Yvaga ilipangwa kwa siri kwamba Andy angeachwa, kwa sababu sayari ile haipokei roboti. Filamu inaisha Rain akiwa amemlaza Andy kwenye jokofu la usingizi, amemwahidi kumtengeneza, na chombo kinaelekea huko huko. Siku watakapofika kutakuwa na dirisha lingine, karani mwingine na fomu nyingine, na Rain atalazimika kueleza aliyelala kwenye jokofu la pili ni nani.